Haki ya Kuoza

Mzee wa Kigiriama aliyekuwa mwanachama wa Gohu anapofariki, mazishi hayamalizi habari yake. Hupita miezi, pengine miaka. Kisha mtu wa nyumba yake huanza kumwota: mzee analalamika baridi, analalamika kwamba amesahauliwa. Au mtoto huugua ugonjwa usioeleweka, mifugo hufa, mambo ya nyumba hayaendi. Mganga huulizwa, naye hujibu jambo ambalo jamaa walikwisha kulishuku, kwamba marehemu anataka kigango chake. Hapo hutafutwa fundi, hukatwa mti mgumu usioliwa upesi na mchwa, na huchongwa nguzo bapa yenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili kilichojaa pembetatu ndogo ndogo zilizochimbwa kwa kisu. Husimamishwa ndani ya boma, huvishwa vitambaa, humwagiwa tembo la mnazi. Kuanzia siku hiyo mzee ana mahali pa kukaa, na wanawe wana mahali pa kumwendea.

Gohu hakikuwa chama cha kila mtu. Aliyetaka kuingia alitakiwa kuwalisha na kuwanywesha wenzake mpaka watosheke, kwa hiyo vigango ni vya wachache, na wafu wengine husimamishiwa vijiti vifupi visivyo na makuu, viitwavyo koma. Nalisema hili mapema ili tusiigeuze jamii ya Wamijikenda, ambamo Wagiriama wamo, kuwa pepo iliyovurugwa na wageni. Walikuwapo wenye nacho na wasio nacho, hata katika kufa. Lakini sharti lilikuwa moja: kigango hakihamishwi. Watu wakihama kwa sababu udongo umechoka, chenyewe hubaki. Mchwa hula, mvua hulainisha, jua hupasua, mwishowe mti hulala chini ukawa udongo. Hakuna aliyehesabu hiyo kuwa hasara.

Sasa kichukue kigango hicho ukisimamishe katika ukumbi wa makumbusho nchini Marekani. Ukuta mweupe, taa moja kutoka juu, chuma chembamba kinakishika kwa nyuma kisianguke. Kibandiko kinaeleza: nguzo ya kumbukumbu, Wamijikenda, Kenya, mbao, zawadi ya Bwana na Bibi fulani. Mbao ni kweli, Kenya ni kweli. Hilo la zawadi ndilo linalonikwama kooni. Huyo Bwana alipewa na nani hata akawa na cha kugawa?

Njia kutoka bomani hadi ukumbini ilikuwa fupi kuliko tunavyopenda kukiri. Tangu miaka ya 1970, mistari iliyonyooka ya vigango iliwavutia watu waliozoea sanaa ya kisasa ya Ulaya, na maduka ya vinyago ya Pwani na Nairobi yakanusa soko. Vijana wasio na kazi waling'oa usiku. Dalali aliwapa kidogo, mnunuzi wa ng'ambo akampa dalali zaidi, na bei ikapanda kila ilipovuka mkono. Sheria ya kodi ya Marekani nayo ilitia mafuta: mtu akitoa kitu kwa makumbusho, thamani yake iliyokadiriwa inaweza kupunguzwa katika mapato yanayotozwa kodi. Ukinunua kwa bei nafuu, ukakikalisha sebuleni miaka kadhaa, kisha ukakitoa baada ya mtathmini kukipa bei kubwa, unapata nafuu ya kodi na jina lako ukutani. Kwa njia hiyo mamia ya vigango viliishia katika makumbusho ya Marekani, mengi yakivipokea kwa nia njema kabisa na bila kuuliza swali hata moja.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, karibu na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka ikapita, na mwaka 1999 Udvardy akiwa katika mkutano wa wataalamu wa Afrika aliona slaidi za mtafiti mwenzake, Linda Giles, na katika slaidi mojawapo akakitambua kimoja cha vile viwili. Kilikuwa Illinois. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Ilibidi kuandika barua nyingi na kuvuta subira, lakini mwaka 2007 familia ilivipokea vyote viwili.

Hampton panahitaji tusimame. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, na makumbusho yake ni miongoni mwa makongwe zaidi ya Wamarekani weusi. Vigango vilipowafikia, naamini viliwafikia kama habari kutoka nyumbani: huu ni mkono wa Afrika, hawa ni wazee wetu, tulikuwa na sanaa kabla ya minyororo. Wajukuu wa watu walioibwa walikuwa wanatunza kwa heshima wazee walioibwa. Ukiambiwa uchague nani mwenye haki zaidi ya kukiona kigango kila siku, utamkatalia vipi mwanafunzi wa Hampton? Na bado ndugu wawili wa mzee yule wa Kilifi hawakuwa mababu wa Afrika kwa jumla. Walikuwa ndugu zake, wana wa mama anayejulikana, na waliondolewa mahali ambapo majina yao yalikuwa yakiitwa. Maumivu ya mmoja hayakufuta dai la mwingine. Hampton walirudisha, na mimi huhesabu kitendo hicho kuwa kizito kuliko cha makumbusho yoyote ya Ulaya, kwa sababu walitoa kitu walichokihitaji wenyewe.

Tarehe 24 Agosti 2022, mjini Prague, Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilipitisha maelezo mapya ya makumbusho ni nini. Jaribio la awali, mjini Kyoto mwaka 2019, lilikuwa limekwama kwa mabishano. Safari hii zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura waliunga mkono. Yale ya zamani yamebaki: kukusanya, kuhifadhi, kutafiti, kuonyesha. Yaliyoongezwa ni kwamba makumbusho yafikike kwa urahisi na yajumuishe watu, yakuze uendelevu, yafanye kazi kwa maadili na kwa kuzishirikisha jamii. Ni maneno mazuri, na wengi waliyapokea kama ushindi. Mimi huyasoma kwa jicho la mtu aliyekwisha kuona mabango mengi ya semina. Maneno haya matatu, maadili, kujumuisha na uendelevu, yamewekwa pamoja kana kwamba yanaelewana. Yapeleke mbele ya kigango uone yanavyoanza kugombana.

Chukua uendelevu. Katika jengo la makumbusho, kudumu ni kudumu kwa kitu. Kazi nzima ya uhifadhi imejengwa juu ya kiapo cha kuuzuia wakati usile. Katika karne zilizopita vitu vya mbao, ngozi na manyoya vilinyunyiziwa arseniki na zebaki ili wadudu wafe, hata leo baadhi ya makusanyo hayashikwi bila glavu. Baadaye zikaja mashine za hewa. Kitabu cha Garry Thomson wa National Gallery ya London, kilichotoka mwaka 1978, kilisaidia kueneza viwango vilivyogeuka kuwa kama sheria duniani: joto la karibu nyuzi 20, unyevu wa asilimia 50 hivi, usiyumbe. Kuulinda unyevu huo mchana na usiku, kiangazi na baridi, kunakula umeme mwingi sana. Wakurugenzi wa makumbusho makubwa walipoanza kuona aibu ya bili na ya moshi, walilegeza: nyuzi 16 hadi 25, unyevu asilimia 40 hadi 60. Ni hatua njema. Ila Mombasa unyevu hupita asilimia 70 bila kuombwa ruhusa. Kwa hiyo hata baada ya kulegezwa, hewa ya kawaida ya makumbusho ya Fort Jesus mjini humo, ile wanayoivuta watu waliochonga vitu vyenyewe, inahesabika kuwa hatari kwa vitu hivyo. Masharti ya makumbusho ya kuazimisha vitu yanasema hivyo kwa lugha ya upole, na matokeo yake ni kwamba mwenye pesa za kiyoyozi ndiye anayestahili kuaminiwa.

Sasa wageukie watu wa kigango. Je, waliacha nguzo zioze kwa sababu hawakujua kuhifadhi? Jibu limesimama Kilifi na Kwale, na ni la kijani. Kaya za Wamijikenda, misitu ile yenye makaburi, fingo na njia ambazo hazikanyagwi ovyo, zilidumu kwa vizazi kwa miiko peke yake: usikate, usichunge, usiingie na viatu, usiseme hili, usifanye lile. Mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwaapisha Wagiriama dhidi ya kodi na kazi ya lazima, Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti, maana walijua panapouma. Mwaka 2008 UNESCO iliandika baadhi ya kaya katika orodha ya urithi wa dunia, na wanasayansi wa mimea huzihesabu kuwa kimbilio la miti adimu katika pwani iliyobaki vipara. Watu hawa walijua vema kabisa kutunza kisichopaswa kuisha. Waliamua msitu ubaki na nguzo iende. Uamuzi huo ni wa kifalsafa, kama uamuzi wowote uliowahi kuandikwa katika kitabu chenye jalada gumu, na hatukuusoma kwa kuwa uliandikwa kwa kutofanya jambo.

Nadhani uamuzi huo ulisema hivi: kigango kina uhai kwa kadiri uhusiano ulivyo hai. Wakiwapo wanaoota, wanaomwaga tembo, wanaotaja jina, kitakuwapo. Wajukuu wakienda mbali na jina likachujuka, mzee naye hupumzika, na mti huachiwa mchwa. Kukizuia kisioze baada ya hapo ni kumkatalia mtu mapumziko. Ukikitazama hivyo, ukumbi wenye nyuzi 20 ni kifungo, hata ukiwa na taa nzuri.

Wazuni, wenyeji asili wa New Mexico huko Marekani, walilisema hili waziwazi kuliko sisi, na wakashinda. Wao huchonga miungu pacha ya vita kwa mbao, Ahayu:da, huiweka katika maziara ya milimani, na kuiacha ilike kwa upepo na theluji. Katika kulika huko ndimo nguvu yake inamotoka kuilinda dunia. Wezi na wakusanyaji waliibeba. Mwaka 1978 viongozi wa Wazuni waliiendea Denver Art Museum kudai mmoja wao, na baada ya mazungumzo marefu makumbusho hayo yakakubali kurudisha. Wengine wakafuata, na kufikia miaka ya 1990 sanamu nyingi zilikuwa zimerudi. Lakini wezi wangaliko. Wazuni walifanya nini? Walijenga ua imara wenye kufuli, usio na paa. Mwizi haingii, mvua inaingia. Sijui jengo jingine la karne iliyopita lililofikiriwa kwa makini namna hiyo, na halikuchorwa na msanifu maarufu yeyote. Linalinda kitu dhidi ya mkono wa mtu ili kiweze kuharibika kwa mkono wa Mungu.

Wahifadhi wengi waliposikia kwanza walishtuka, na siwacheki. Mtu aliyesomea miaka sita jinsi ya kuokoa nyuzi za mbao anaambiwa aitoe sanamu ya thamani ikanyeshewe! Mshtuko wake ni wa kweli kama wa daktari anayeambiwa na mgonjwa kwamba hataki mashine. Hapo ndipo maadili yanapoanza kugharimu. Kabla ya hapo ni tabia njema tu.

Tena si kila kitu ni kigango. Lisemwe, maana hoja hii ikiachwa ikimbie itakanyaga wasiohusika. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968 huko Dar es Salaam, juu ya vipande vya ubao na kwa rangi za mafuta za kawaida, alitaka mtu anunue, atundike, arudi anunue nyingine. Picha yake ikipauka ni hasara, na makumbusho yakiiokoa yamemtendea haki. Wachongaji wa Kimakonde waliochonga kwa ajili ya soko nao wana dai lao, ambalo halihusu kurudishiwa. Wanadai jina. Kinyago kinawekwa kwenye kabati la kioo na kibandiko kinaandika kabila na aina ya mti, lakini fundi hana jina, wakati mchoro wa Mfaransa uliotundikwa chumba cha pili una jina, mwaka na hata jina la mbwa wake. Kwa mchongaji huyu, haki ni jina, malipo na hewa kavu. Kwa mzee wa Gohu, haki ni ukimya na mvua. Makumbusho yenye sera moja kwa vyote viwili yatamkosea mmoja wao, na kwa kawaida yatamkosea asiyejua kuandika barua pepe.

Nije kwenye kujumuisha. Mwaka 1902 maofisa wa Kiingereza waliichukua Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana, na mwaka 1908 ikaingia British Museum. Imekaa ghalani zaidi ya karne. Watu wa ukoo wa kifalme wa Wapokomo wamekwenda London wakaonyeshwa, wakarudi nyumbani bila yake. Sheria ya Bunge ya mwaka 1963 inawazuia wadhamini wa makumbusho hayo kutoa vitu, isipokuwa kwa sababu chache mno. Makumbusho yanaweza kusema kwa ukweli kwamba yamewakaribisha wageni wao, yamewasikiliza, yameandika maoni yao. Ndivyo ushirikishwaji ulivyo mara nyingi: kualikwa harusini baada ya mahari kuliwa. Unapewa kiti, unapewa pilau, unaombwa utoe neno la busara, na hakuna neno lako linaloweza kubadilisha nani anaolewa.

Desemba 2023 British Museum ilitangaza kwamba kampuni ya mafuta ya BP itaipa pauni milioni 50 katika miaka kumi kusaidia kulikarabati jumba. Majuma hayo hayo Mto Tana ulikuwa umefurika, mashamba na nyumba za watu wa Ngadji zikiwa ndani ya maji. Sidai kwamba pipa fulani la mafuta lilileta tone fulani la mvua. Mambo hayapimwi hivyo. Nasema tu kwamba jumba linaloishikilia ngoma linaweza kufanywa upya kwa fedha za mafuta, na wenye ngoma wanahesabu nyumba zilizobomoka, na neno uendelevu bado limo katika maelezo yale ya Prague. Uendelevu wa nini, kwa gharama ya nani? Jengo likipunguza umeme kwa asilimia kadhaa, hesabu ya moshi inapendeza. Hesabu ya ghalani haiguswi.

Vijana wa Nairobi na wenzao wa Ujerumani na Ufaransa walipata namna yao ya kuionyesha hesabu hiyo. Pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya na makumbusho mawili ya Cologne na Frankfurt, waliandaa orodha ya vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo. Wakafika zaidi ya 32,000, na hiyo ni kwa makumbusho yaliyokubali kujibu. Mwaka 2021 maonyesho yalipofunguliwa Nairobi, baadhi ya makabati ya kioo yalikuwa matupu. Mtu alisimama mbele ya kabati lisilo na kitu, akasoma ni nini kingekuwa humo na kiko wapi. Huenda wapo waliolalamika kwamba wamelipa kiingilio waone hewa. Mimi naona hawakupunjwa. Kwa mara ya kwanza makumbusho yalionyesha kwa uaminifu kile ambacho nchi inacho.

Lakini kurudisha nako kuna mambo yake, na hapa ndipo sisi wenyewe tunapaswa kutazamana. Mwaka 2019 makumbusho ya sayansi ya Denver yalirudisha vigango 30. Mwaka 2023 Illinois State Museum ikarudisha 37. Shehena nyingine, ya chuo kikuu kimoja cha California, ilipowasili mwaka 2014 ilikwama uwanja wa ndege wa Nairobi kwa kuwa forodha ilitaka ushuru. Wazee walioibwa wakatozwa kodi ya kuingia kwao! Mtu angetunga kisa hiki tungemwambia amezidisha chumvi.

Na baada ya forodha, wapi? Mwizi haandiki risiti. Vingi vya vigango hivi havijulikani vilitoka boma gani, ni vya nani, viliombolezwa kwa jina lipi. Kwa hiyo hupokewa na taifa, hutolewa hotuba, na huingia stoo ya makumbusho mengine, safari hii ya kwetu, yenye bendera yetu. Mzee aliyeng'olewa Kilifi akakaa miaka thelathini Colorado sasa yumo Nairobi, kiasi cha kilomita mia tano kutoka mnazi wa kwanza wa kwao. Kisheria amerudi.

Wenye kupinga urudishaji husema hatuwezi kutunza, na hututajia Nyumba ya Ajabu ya Zanzibar, iliyofungwa mwaka 2012 baada ya sehemu kuporomoka, kisha tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mkubwa ukaanguka wakati wa ukarabati na kuua watu. Wanaweza kuongeza habari ya Joseph Murumbi, makamu wa rais wa zamani aliyeiuzia serikali ya Kenya nyumba yake ya Muthaiga na makusanyo yake kwa matumaini ya taasisi ya utafiti, na nyumba ikaja kubomolewa. Haya ni yetu na yanauma. Lakini mwaka 2023 iligundulika kwamba vitu kama 2,000 vya British Museum vimeibwa, vimepotea au vimeharibiwa, ndani ya jengo lenyewe la London, na Waingereza hawakunyang'anywa vilivyobaki mpaka wajifunze. Hoja ya utunzaji ni hoja ya nani anaruhusiwa kukosea na kuendelea kuwa mwenye mali. Tena kwa kigango haina hata maana, kwani hoja hiyo hudhani kwamba kuoza ni kushindwa.

Gumu zaidi liko kwingine, na wanaharakati wengi hulipita kwa miguu ya haraka. Tunapozungumza juu ya kushirikisha jamii, tunamchora mzee mwenye ndevu nyeupe na kitambaa begani, na tunaamini akisema yeye jamii imesema. Kilifi ya leo mzee huyo anaogopa. Kwa miaka mingi sasa wazee wa kaunti hiyo wamekuwa wakiuawa kwa kushukiwa uchawi, mara nyingi na vijana wa ukoo wao, mara nyingi kukiwa na shamba la kurithiwa nyuma ya shutuma. Mvi zimekuwa ushahidi wa kosa. Wajukuu wengi wameshika Ukristo au Uislamu, na kwao kigango ni mlango wa shetani. Baadhi yao ndio waliobeba tochi usiku walipoonyeshwa noti. Ukiwapelekea nguzo 37 kwa lori lenye nembo ya serikali, wengine watalia kwa furaha, wengine watauliza bei, wengine watataka petroli na kiberiti. Wote hao ni jamii.

Mtu wa makumbusho husikia hayo na kupumua: afadhali basi zikae stoo. Namwelewa, lakini hitimisho lake halifuati. Kutoelewana kwa wenye kitu hakumpi haki asiye mwenyewe. Warithi wakigombana juu ya nyumba, jirani haimilikii kwa kuwa yeye ana rangi ya kupaka. Anachoweza ni kushika funguo kwa muda, wote wakijua kwamba ni kwa muda, na kulipia kikao.

Na kikao kina kazi ya kufanya. Vigango visivyo na boma vinaweza kukabidhiwa kaya, ndani ya ua kama ule wa Wazuni, vioze chini ya ulinzi wa wazee ambao nao wanahitaji ulinzi. Vinaweza kugawanywa kwa mbari kwa kufuata nakshi, kama bado wapo mafundi wanaoweza kusoma mkono wa fundi wa eneo fulani. Hao si vijana, kwa hiyo ratiba ya wizara haitoshi. Baadhi vinaweza kubaki ndani ya jengo kwa ruhusa iliyoombwa na yenye mwisho, vikiwa na kibandiko kinachotaja wizi kwa jina lake. Wapo watakaopendekeza vichomwe. Makumbusho yana haki ya kubishana nao, kuwaonyesha picha ya mwaka 1985, kumleta mwanafunzi wa Hampton aeleze alichokiona yeye. Kura ya mwisho si yao. Na kikao chenyewe kifanyike Kilifi badala ya Nairobi, kwa Kigiriama kwanza, nauli na chakula vikilipwa kutoka fungu lile lile ambalo mwaka jana lililipia kiyoyozi.